Kioo Kimoja, Macho Manne

Wewe unayeanza kazi hii, mwanangu, sikiliza: naikumbuka vizuri asubuhi ile tulipokuwa na kazi mtaani Kiamunyi, kwa sababu ndipo nilipoanza kuyaharibu macho ya mke wangu. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana mwenye misuli na cheti cha kidato cha nne. Kinyago cha kioo cheusi tulikuwa nacho kimoja, nami ndiye niliyekivaa. Wambui, mke wangu, alinishikia vyuma visiyumbe. Yeye nilimnunulia miwani nyeusi ya barabarani.

"Vaa hii, mama, ufanane na mheshimiwa," nilimtania.

Saa sita akaniambia, "Baba Njeri, macho yanawasha kama yana mchanga."

"Ni moshi tu. Tumalize."

Jioni alijiwekea vipande vya kiazi kibichi machoni, desturi yetu mafundi, na baada ya siku mbili akapona. Nikadhani kiazi kimeniondolea lawama. Tukaendelea hivyo msimu mzima.

Mzee Otieno, aliyenifunza kazi, alimkuta siku moja akifuta machozi. Alinigombeza mbele ya wateja: "Wewe si ndiye uliyesoma? Shuleni walikufundisha mwanga ni nini, ama ulikuwa umelala?"

Walinifundisha, mwanangu. Nilijua kwamba mwanga, joto la jua na mawimbi ya redio ni ukoo mmoja, mawimbi ya sumakuumeme, yanayobeba nishati hata mahali pasipo hewa. Nilijua pia kwamba wimbi linavyozidi kuwa fupi, ndivyo linavyoweza kudhuru zaidi. Mwali wa kuchomelea hutoa mwanga unaouona, na mionzi ya urujuanimno usiyoiona. Hiyo iligonga mabati mapya ya geti, ikaakisiwa na kupenya ubavuni mwa miwani, na jicho likaimeza nishati yake; mwanga mkali nao ukapita kwenye miwani ile hadi nyuma ya jicho. Haya niliyaandika kwenye mtihani nikapasi. Elimu bila amali ni nta bila asali.

Msimu ulipoisha Wambui hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, nikampeleka hospitali; daktari akasema sehemu ya kuonea, ile ya katikati nyuma ya jicho, imeungua, na haitapona. Wambui alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani tuliiuza. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi sikia. Anayekushikia chuma si kibanio. Kinyago kikiwa kimoja, kazi ingoje cha pili. Asiye na kinga asogee mbali, maana umbali ukiwa maradufu, mionzi inayomfikia hubaki robo. Na mtu wako akisema anaumia, zima mashine kwanza, ubishi baadaye.

Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na akupe moyo wa kuyalinda ya mwenzako.