Mate ya Mama Ndinda

Nilipokuwa bado mdogo wa kutumwa chumvi kwa jirani, nilikuwa tayari najua kwamba mnyama wa mtu hasifiwi hivi hivi. Ukimwona ndama mnono wa mwenzio, ama unyamaze, ama umsifu kisha umtemee mate kidogo, mate mepesi ya kunyunyiza tu, ili mwenyewe ajue jicho lako halitamletea mnyama wake ugonjwa. Kwetu milimani, upande wa Mitaboni, hiyo ilikuwa adabu ya kawaida kama kubisha hodi.

Mama Ndinda alisahau kutema.

Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mjane, na mama alimpenda kuliko dada zake mwenyewe. Mama alipojifungua ndugu yangu mdogo, ni yeye aliyetukamulia ng'ombe mpaka mama akapata nguvu. Yeye mwenyewe alifuga mbuzi tu. Ng'ombe hakuwahi kujaliwa. Jambo hilo halikuwa na uzito wowote mpaka Agosti ile.

Ilikuwa mwisho wa baridi, wakati ambapo kwetu ukungu hulala juu ya matuta ya shamba karibu asubuhi nzima, nyasi zimeisha, na ng'ombe anaishi kwa mabua makavu ya mahindi. Ng'ombe wetu wa gredi, chotara wa maziwa, alikuwa amezaa ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Tulimwita Sukari. Mama Ndinda alikuja kuomba makaa, akaegemea boma, akamtazama ndama kwa muda mrefu.

"Hii ndama ni maridadi," alisema. "Mtakunywa maziwa hadi mchoke."

Akaenda zake na makaa yake. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni akimenya mbaazi. Aliacha kumenya.

Kesho yake Sukari alianza kukohoa. Jioni akakataa kunyonya, akalala kwenye matope ya boma masikio yamelegea. Nyumba nzima ilijua maana yake, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa na ukaidi wake: asipoona ndama ubavuni, hateremshi hata tone. Ndama akifa, maziwa yamekufa naye, na maziwa ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu, sukari yetu na karo yangu. Baba alikuwa kwenye kiwanda huko Athi River, hakuwa mtu wa kuitwa akafika. Daktari wa mifugo naye alipatikana alipopatikana.

Susu akaanza kukumbuka. Alikumbuka mpapai wetu uliopukutisha maua baada ya Mama Ndinda kuusifu. Alikumbuka kuku aliyelalia mayai yote yakaoza. Akakumbuka na mbuzi wa watu aliyekufa huko Muthetheni, alikozaliwa Mama Ndinda, mbuzi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Mama alikuwa mtu wa kanisa, akamwambia mkwewe kwamba hayo ni mambo ya giza. Susu akamjibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo siipendi mpaka leo. Imewaharibia watu wengi majina.

Mimi nami nikashikwa na shaka hiyo. Nilipotumwa kisimani nilimkuta Mama Ndinda akichota maji, na badala ya kumwamkia vizuri nikawa namchunguza macho. Yalikuwa macho yale yale niliyoyazoea tangu nizaliwe, lakini siku hiyo niliyaona makubwa, nikaona hayapepesi upesi kama ya watu wengine. Aliniuliza Sukari anaendeleaje. Nilijiuliza amejuaje kwamba anaumwa. Kikohozi cha ndama kilisikika mpaka ng'ambo ya korongo, lakini hilo sikulifikiria.

Asubuhi iliyofuata Sukari hakuweza hata kuinua kichwa. Mama alisali, akafuta machozi, kisha akanituma nikamwite Mama Ndinda. Susu ndiye aliyemwambia, kwa sababu mama alikuwa ameinamisha uso.

"Wewe ndio uliisifu. Itemee mate, iishe."

Mama Ndinda hakumtazama Susu. Alimtazama mama, akingoja aseme neno. Mama hakuinua uso.

"Kama ni mate mnataka, mate niko nayo," Mama Ndinda alisema.

Akapiga magoti kwenye matope, akamnyunyizia Sukari mate usoni, kwenye lile doa jeupe, akampapasa shingo. Halafu akatuambia tusimwache pale kwenye unyevu, tumpeleke jikoni. Akaondoka bila kuaga. Tulimbeba ndama, tukamlaza juu ya magunia kando ya mafiga, mama akamfunika koti kuukuu la baba. Siku nzima tulimnywesha kwa chupa maziwa ya uvuguvugu tuliyoomba kwa majirani.

Sukari akapona. Hakuna aliyesifu moto, wala koti, wala chupa. Kupona kwake ndiko kulikomhukumu Mama Ndinda: kama mate yake yameponya, basi jicho lake ndilo lililomtia ndama ugonjwa. Na Sukari angekufa, wangesema alitema kwa moyo mbaya. Nilikuja kuona baadaye kwamba yule mama alipopiga magoti hakuwa na njia ya kushinda, na nadhani alijua. Kuanzia hapo watu walisogeza mbuzi wao kando alipopita. Mama hakuacha kumpenda, lakini alianza kunituma mimi badala ya kwenda mwenyewe, na urafiki ukafa taratibu, bila hata kugombana.

Sasa nina boma langu, milimani huko huko. Mama na Susu wametangulia. Agosti iliyopita ng'ombe wangu alizaa, na Mama Ndinda, mzee sasa, akaja na mbaazi kwenye kiondo. Alisimama langoni akitazama viatu vyake. Nikamwambia aingie aone ndama.

"Wacha niteme kwanza, mwanangu," alisema. "Ndio ulale."

Nimesoma. Nimonia ya ndama naijua, na dawa yake naijua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, hapana mama, kwangu uangalie tu. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikayashikilia mpaka mate yakatua kwenye manyoya ya ndama, ndipo nikasema, "Si lazima, mama." Akatabasamu, akainua macho, akamwangalia ndama vizuri kwa mara ya kwanza.

Usiku huo nililala fofofo. Hilo ndilo linaloniuma.