DNA Yangu Mbele ya Wazazi

Ndugu zangu, tangu siku ya wazazi sijatulia. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Mahurunga, na niliahidi kuwaonyesha wazazi DNA yangu kwa macho. Nilisukutua maji ya chumvi, nikayatema kwenye glasi. Nikatia sabuni ya kupasua seli, kisha spiriti baridi ili DNA igande. Nyuzi nyeupe zikaelea!

"Huu ndio urithi wa mababu zangu!" nikatangaza kwenye kipaza sauti. Wazazi wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu, Mama Somoe, akazitazama kwa lenzi, akaninong'oneza, "Mwalimu, hizi ni nazi. Si ulikuwa unatafuna kashata ofisini kwangu sasa hivi?"

Kumbe kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, na uwanja mzima ulisikia.