Madigadi ya Zambarau

Gari lilipoteremshwa kutoka kwenye lori, bosi wangu alipiga mluzi na kusema kwamba miaka yote aliyokaa London hajaona zambarau kama ile. Mwenye gari akacheka kwa fahari. Mimi nami nikacheka kwa kuwa wao wamecheka. Nilichokiona mimi kilikuwa gari refu lenye rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Nikafikicha macho, nikatazama tena. Maji yale yale.

Mimi ni fundi rangi. Kazi nyingine siijui na sijapata kuitafuta. Nilianza kupiga magari rangi Unguja, kwenye gereji ya mjomba wangu, na hapa London nimefanya kazi Neasden kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu tangu wiki niliyopata makaratasi yangu. Sifa yangu ni jicho. Nipe mlango wa gari lolote, nitakuchanganyia rangi yake bila kufungua kitabu, na ikikauka hutajua palipoishia ya zamani na palipoanzia yangu. Miaka mitano nyuma bosi alinunua kidude cha kusomea rangi, kile unachokibandika kwenye bodi kikakupa vipimo kwenye kompyuta. Nilikicheka mbele ya wateja. Nilisema hicho ni cha watu wasio na macho, nikakitia kabatini kwa mkono wangu mwenyewe, na bosi, ambaye raha yake ni kuwasifia mafundi wake kwa watu, akakiacha huko huko. Sasa mtu aliyesema maneno hayo atakwendaje kukitoa?

Magari haya ya Kimarekani, wenyewe wanayaita magari ya misuli, yalianza kutujia moja moja. Kwanza lilikuja la rangi ya chungwa, kisha la kijani cha ndimu mbichi, kisha moja la waridi ambalo bosi alilipiga picha mpaka simu ikaishiwa chaji. Hiyo miaka ya sabini ilipoanza, viwanda vya kule viliamua gari lisione haya. Ni rangi ambazo ukizivaa arusini kwetu watu watasema umekuja kushindana na bibi harusi. Na si uhuni wa mwenye gari. Zimetoka hivyo kiwandani, na chini ya boneti kuna kibati kidogo kilichogongwa namba ya rangi, ukitaka ushahidi. Katika mji huu ambao kila gari ni jeusi au la kijivu, nilizipenda rangi hizo mpaka nikaona haya mwenyewe.

Halafu zikaanza kunitoka. Mwaka jana taa za barabarani ziliota manyoya. Nilitoka nyumbani na soksi moja nyeusi na moja buluu, mwenzangu mmoja wa gereji akanitania, nikamwambia ndiyo mtindo. Nilisingizia mawingu. London inamsaidia sana mtu mwongo wa macho, maana jua halipo na kila mmoja analalamika kwamba haoni vizuri. Nilipita mbele ya duka la miwani kila siku na kila siku nikaongeza mwendo. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Mjomba wangu, yule aliyenifundisha, alimalizia maisha yake kwenye benchi la gereji yake, akipapasa bodi za magari kwa kiganja na kutuuliza rangi imekaaje. Sisi vijana wake tulimwambia imekaa vizuri, hata pale ilipokuwa imechuruzika kama uji. Benchi lile ndilo nililokuwa nikiliogopa. Nililiota.

Nilipambana na woga kwa kujishughulisha. Ramadhani iliyopita nilipaka jiko letu krimu, kwa mabaki niliyochanganya mwenyewe. Krimu laini, ya kutuliza roho. Nilijisifu wiki nzima, na mke wangu akaniitikia kila nilipojisifu.

Basi, zambarau. Mwenye gari alikuwa Mwingereza, dereva mstaafu wa basi, mtu wa maneno machache. Gari la kubebea vifurushi lilikuwa limemvunjia madigadi ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, na alikuwa ameagiza nyingine kutoka Marekani, chuma kitupu. Sehemu nyingine zote za gari hazijaguswa na brashi wala bomba tangu zitoke kiwandani, na alitaka zibaki hivyo. Aliniomba kitu kimoja tu: madigadi ile ifanane na gari, isifanane na kitabu, kwa sababu kitabu hakikupigwa jua miaka hamsini. Kabla sijafungua kinywa bosi akamjibu kwamba jicho langu linaishinda kompyuta. Mzee akanipa mkono, akaubana.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unafungua kifuniko cha tangi la mafuta, kile kidogo cha nje, kwa kuwa kimekaa juani pamoja na gari na kinabebeka. Unachanganya, unapulizia kwenye kadi, unaandika namba nyuma ya kadi, kisha unasimama mlangoni saa sita mchana na kuweka kadi juu ya kifuniko huku umefumba macho nusu. Kadi isiyolingana inakupigia kelele. Mimi nilipulizia kadi saba, na zote saba zikanyamaza. Nilizipanga, nikazipangua, nikatoka nje mpaka barabarani nazo. Zote zilikuwa maji ya masufuria. Jasho lilinitoka katika baridi ya Disemba, na bosi alipopita akaniuliza kama tayari, nikamjibu rangi haitaki haraka.

Jioni ile nilitia kifuniko na kadi zote ndani ya mfuko wa chakula, nikaondoka navyo. Haikuwa ruhusa. Kipande kile hakina mwenzake duniani, na mimi nilikibeba baina ya kopo la wali na kitambaa, treni ya kwanza, treni ya pili, mpaka Lewisham. Kila mlango wa treni ulipofunguka nilipapasa mfuko. Nilikuwa mzee wa miaka hamsini na minane ninayeogopa kama mtoto aliyeiba sukari.

Mke wangu ni mshonaji. Mabibi harusi wa Kizanzibari na Kipemba wanamjia kutoka kila pembe ya mji, na ana sanduku la nyuzi ambalo hakosei rangi ndani yake hata ukimwamsha usingizini. Ilikuwa saa kumi na moja tu lakini nje kiza kimeshaingia. Niliwasha taa ya jikoni, nikapanga kadi mezani, nikaweka kifuniko katikati na kumwambia tucheze mchezo, aniambie ipi imefanana. Nilijaribu kuchekesha. Yeye alinitazama mimi kwanza, muda mrefu, kisha ndipo akazitazama kadi.

"Kwa hapa jikoni," akasema, "ni hii. Namba tano."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Kwa hapa jikoni, ndiyo."

Nilitaka jibu, na nilipolipata sikuuliza zaidi. Mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba rangi haihukumiwi chini ya taa ya nyumbani, wala karibu na ukuta, kwa sababu ukuta nao unaitia rangi yake. Nimewafokea vijana kwa kosa hilo. Woga ulinifuta yote niliyofundishwa, na usiku ule nililala usingizi mzuri.

Siku ya pili nilipiga madigadi kwa namba tano. Mkono wangu haujaharibika, namshukuru Mungu. Rangi ilikaa sawa bila tone wala vumbi, nikaikausha kwenye chumba cha moto, nikaipachika. Mwenye gari alikuja mchana. Bosi alifungua lango lote na tukalisukuma gari nje kwenye mwanga. Mimi sikuliangalia gari. Niliangalia nyuso zao, maana ndiyo macho pekee niliyokuwa nayo.

Uso wa bosi uliganda. Mzee alizunguka mbele, akarudi, akainama.

"Fundi," bosi akasema taratibu, "hii ni blue, bana. Hii ni blue kabisa."

Nikasema tuisubiri ikauke. Bosi alijua imekauka, na mimi nilijua kwamba anajua. Mzee alinisogelea. Alikishika kiganja changu, akakiweka juu ya gari pale mlango unapokutana na madigadi, kama mtu anayemwonyesha mtoto herufi, na akaniuliza kama sioni. Nilihisi ufa mdogo baina ya bati mbili. Kiganja changu kilikuwa juu ya bodi, kinapapasa.

"Sioni," nikasema, kwa Kiswahili kwanza, kwa bosi. Halafu nikamwambia mzee kwa Kiingereza kwamba sioni, na kwamba ni karibu mwaka sasa.

Alikasirika, na haki yake. Uso ulimwiva, sauti ikamtetemeka, akaniuliza ningejisikiaje kama angeendesha basi lililojaa watu hali haoni. Bosi alikwenda kabatini akatoa kile kidude, akakipuliza vumbi, kikakataa kuwaka. Nilikaa juu ya debe la thina ya kuzimulia rangi nikingoja kufukuzwa. Badala yake bosi alichukua ufunguo wa gari lake, akanipeleka kupimwa macho saa ile ile, na njia nzima alizungumzia hali ya hewa.

Wapimaji walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba nitapasuliwa, jicho la kulia kwanza. Mzee alipelekewa habari. Alimwambia bosi kwamba gari lake litakaa pale, lifunikwe. Kwangu alileta ujumbe mmoja: nisiliguse mpaka niwe naliona.

Siku ya kupasuliwa sikuwa mwanamume. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukachanganya maneno, na nesi alinishika mkono bila mimi kumwomba. Waliponilaza nilikuwa nafikiria benchi tu. Nilirudi nyumbani na kifuniko cha plastiki juu ya jicho, na nikaambiwa nikivue asubuhi.

Asubuhi nilikaa mezani jikoni. Mke wangu alikuwa amesimama jikoni pale pale, amenipa mgongo, anachemsha chai. Nikabandua plasta polepole, nikafungua jicho.

Manjano. Manjano ya ndimu iliyoiva, manjano ya viwanda vya Marekani, kuta nne zinapiga kelele mpaka darini. Nilidhani wameniharibu jicho. Kisha nikaona gauni la mke wangu, buluu, na birika, na moto buluu chini ya birika, na kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa zile kuta. Kuta zangu. Krimu yangu. Nikakumbuka kadi saba mezani, na nikaelewa alichokuwa akiniambia aliposema kwa hapa jikoni: manjano ya kuta yalikuwa yameificha buluu ya namba tano.

"Jiko hili ni manjano," nikasema.

Hakugeuka. "Tangu Ramadhani," akasema.

Nikamuuliza kwa nini asinambie siku ile ile, na mimi ndiye huyo nazunguka nyumba nzima najisifu. Akazima moto. Aligeuka, na nikauona uso wake waziwazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ulikuwa umechoka kuliko nilivyoujua.

"Uliponambia krimu, nikajua," akasema. "Niliogopa, baba watoto. Nilihisi nikilitamka ndiyo litakuwa kweli."

Nilikaa na chai yangu mbele yangu, ndani ya manjano yale. Nikamfikiria mjomba kwenye benchi, anatuuliza rangi imekaaje, na sisi vijana wanne tunatazamana, halafu tunamjibu imekaa vizuri. Miaka yote nilijiambia kwamba tulikuwa tunamwonea huruma. Kumbe tulikuwa tunaogopa.