Magego Mawili ya Mama Pini

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pini. Mafundi wengine huchomeka pini zao kwenye kifuko cha sponji. Yeye huzibana midomoni, safu nzima, vichwa nje, na hapo hapo anaongea na mteja. Anachosema hakieleweki. "Geuka kidogo" inatoka kama mtu anayenguruma usingizini. Ndiyo maana miaka yote wifi yake, dada wa mume wake, alikuwa akikaa upande wa pili wa meza ya kukatia na kumsemea.

"Anasemaje?" mteja atauliza.

"Anasema umenenepa, na hicho kitambaa ulicholeta kitatosha mguu mmoja."

Mama mdogo anachekea puani, maana hakusema hivyo hata kidogo. Mteja naye anacheka. Mimi huwa nakaa mlangoni na mwanangu mgongoni, nashona vifungo na kukunja pindo, na nimeona wateja wengi wakija pale kwa ajili ya hayo mazungumzo kuliko nguo zenyewe. Wawili wale walipendana. Ukimwona mmoja sokoni peke yake unauliza mwenzake anaumwa nini.

Mwaka huu, majira yale shule ya jirani inapoleta kazi ya sare, shavu la kushoto la mama mdogo likavimba. Kazi ya sare ndiyo inayoubeba mwaka wake. Nguo nyingine zote ni za kuganga njaa. Na mwalimu mkuu wa pale ni mama asiyependa kuhangaika. Fundi aliyemshonea vizuri mwaka huu, mwakani anamfuata huyo huyo.

Mdomo ukawa haufunguki. Kijiko kinapita kwa kubembelezwa. Wakati huo mwanangu naye alikuwa anaota meno, basi wifi akawa anatutania, "Nyumba moja ina wawili wanaodondosha udenda, mmoja hana jino hata la dawa, mwingine analo la ziada." Lakini ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa daktari wa meno. Mimi nilibaki kulinda kibanda. Yaliyotokea huko mama mdogo alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye, akiwa anakuna sabuni ya kuchorea kitambaa kwa ukucha mpaka ikaisha.

Siku ya kwanza daktari alimpiga picha ya taya na kumpa dawa za kutuliza uvimbe. Waliporudi kwake siku chache baadaye, uvimbe ulikuwa umeshuka ila taya bado gumu. Daktari akawaonyesha picha. Magego ya mwisho ya chini, yale yanayochelewa kuota mpaka mtu ameshakuwa mzima, yote mawili yalikuwa yamelala ubavu, yanasukuma jirani zao. La kulia halijaanza fujo. La kushoto ndilo linalouma.

"Uamuzi ni wako, mama," daktari akasema. "Kama ndiyo mara ya kwanza kukusumbua, tunaweza kusubiri. Utakuwa unasafisha vizuri, unarudi nilitazame. Kama linakurudia rudia, bora litoke. Ila ujue likitoka utavimba, utalala, kazi utaisikia kwa mbali. Limekusumbua mara ngapi?"

Mama mdogo akajibu kwa meno yaliyofungana, "Ndiyo mara ya kwanza. Nisubiri, nimalize sare kwanza."

Daktari akamgeukia wifi. "Amesemaje?"

"Anasema linamrudia kila mara, amechoka nalo. Ling'oke leo."

Mama mdogo alisikia. Masikio yake hayakuwa na ubaya wowote. Lakini aliniambia, "Nilidhani ananionea huruma. Nikasema moyoni, huyu anajua naogopa sindano, anajua nikirudi nyumbani sitakuja tena hapa, ananisaidia kuamua. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Kichwa ni changu, mwanangu. Hakuna aliyekishika."

Likang'olewa. Akalala ndani na kitambaa cha baridi shavuni, ananyonya uji mwepesi kama mwanangu. Wifi alikuwa akipita asubuhi kumjulia hali, halafu anakuja kibandani. Nikamwona anakunja vitambaa vya bluu vya sare. Nikamwona anatoa msumarini vile vielelezo vya karatasi ngumu ambavyo mama mdogo hukatia sare, cha kola, cha mkono, cha mfuko.

"Shangazi, unavipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani kwangu. Nimsogezee kazi wifi yangu, akipona akute imeshaiva."

Nilifurahi. Nilimsaidia hata kufunga kamba.

Siku mama mdogo alipotoka, shavu bado likiwa na rangi ya bilinganya, alinituma shuleni kumwambia mwalimu mkuu kuwa yuko tayari, aje na vipimo vya darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Vipimo nimeshatoa. Wifi yake alikuja hapa, akasema ugonjwa wa taya umemzidi, cherehani ameachana nayo. Alisema ni yeye Mama Pini mwenyewe aliyemtuma. Si ndiye anayemsemea siku zote?"

"Alikuja lini, mwalimu?"

"Alikuja siku moja kabla ya kurudi kwa daktari, akasema kesho yake jino linang'olewa. Nikasema, maskini."

Nilirudi taratibu. Sikujua nitaanzia wapi, nikayasema yote vile vile nilivyoyasikia. Mama mdogo alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani. Uzi ukawa haupiti tundu. Akaulamba, akajaribu tena, ukakataa, akaniachia mimi.

Wifi alikuja mwenyewe siku chache baadaye. Alisimama nje, begani ana shati la bluu.

"Wifi, hizi kola zinakataa kulala. Nikizipiga pasi zinainuka."

Mama mdogo akalichukua shati, akalifumua shingo. Kola ile ilikuwa ya mtoto fulani, sijui kama ndivyo alivyofikiri. Alipomaliza kuirudishia akauliza, "Daktari aliponiuliza, nilimjibu nini?"

"Ah, wifi, yale si yamepita? Ulikuwa unaumwa, mimi macho yangu yanaona."

"Nilimjibu nini?"

Wifi akamwangalia mwanangu, akamwangalia tena kana kwamba ndiye aliyeulizwa. "Ulisema usubiri."

"Haya. Chukua shati lako."

"Na mimi nina cherehani sasa, wifi. Nitaendelea kuwa mdomo wa mtu mpaka lini?"

"Ungeniomba," mama mdogo akasema. "Tungegawana."

Wifi aliondoka shati likiwa mkononi, halijakunjwa.

Mwezi ule ule mama mdogo akaniambia nimsindikize kwa daktari. Nikafikiri anakwenda kutazamwa kidonda. Daktari alifurahi kumwona anafungua mdomo mpana. Akagusa gego la kulia, akasema liko kimya, anaweza kulisubiri hata mwaka.

"Nalisubirisha kwa ajili ya nini?" mama mdogo akasema. "Sare zinashonwa kwingine. Sina kazi ya kunikimbiza. Ling'oe."

"Una uhakika, mama? Hili halikuumi."

"Hilo la kwanza niliamuliwa. Hili naamua mimi."

Daktari akaanza kuvaa glavu. "Yule dada mcheshi hajaja leo? Utavimba tena, na utahitaji mtu wa kukusemea siku mbili tatu."

Nilimweka mwanangu paja la pili, nikajiandaa kusema kuwa nipo.

"Nitanyamaza," mama mdogo akasema, akalaza kichwa kwenye kiti.