Gari linalozima langoni kwa Mama Coleta

Saa moja asubuhi, baridi ya Sumbawanga bado haijaachia. Fundi Ambakisye amevaa makoti mawili, la ndani safi na la nje limelowa grisi, na ameinamia injini ya gari dogo jeupe. Injini inanguruma vizuri kabisa. Anatega sikio. Anazunguka upande wa pili, anatega tena. Kisha anaipiga bodi kofi.

"Zima basi!" analiambia gari. "Si ndiyo kazi yako? Zima nikuone!"

Gari halizimi. Fundi anakaa juu ya tairi bovu na kushika kichwa kwa mikono miwili. Mafundi wengine wote wa mji huu wanahangaika ili magari ya watu yasizime. Huyu anahangaika ili lizime.

"Aisee, nimechanganyikiwa," anasema. "Na sioni aibu kusema. Andika hivyo hivyo, fundi amechanganyikiwa."

Imeandikwa.

Ambakisye ana miaka arobaini na saba. Kwao ni Rungwe, mkoani Mbeya, na alifika Rukwa akiwa utingo wa lori la mahindi. Lori liliharibika, dereva akaenda kutafuta spea, na yeye akabaki akililinda na kulichokonoa kwa spana ya kuazima. Dereva aliporudi alilikuta linawaka. Tangu hapo Ambakisye hakuondoka. Alimwoa Coleta, binti wa Pito, pembeni mwa mji, na akafungua gereji ya mabati matatu ambayo leo inapokea magari kutoka Matai hadi Muze.

"Watu wa Muze wanapanda mlima injini inachemka. Wakifika huku juu wanatetemeka kwa baridi, wao na gari lao," anacheka. "Hayo nayaweza. Hili hapa ndilo limenishinda."

Ugonjwa wa gari hili, kwa maelezo ya mwenyewe, ni kukosa sailensa. Sailensa, kwa lugha ya gereji, ni ule mngurumo mdogo wa injini wakati gari limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta. Gari likikosa sailensa huzima kila likisimama, na fundi yeyote anajua pa kuanzia. Kinachomvuruga Ambakisye ni kwamba hili halizimi kila mahali. Linazima sehemu moja tu.

Linazima Pito, kwenye lango la bibi mmoja mjane. Bibi huyo anaitwa Leonia, majirani humwita Mama Coleta. Ndiyo, Coleta yule yule. Gari linazima langoni kwa mama mkwe wa fundi.

Hapo mwandishi wa makala haya aliomba asimuliwe upya.

Mwenye gari ni Mzee Herman, mkulima wa mahindi na maharage, jirani wa Mama Coleta kwa miaka mingi. Njia ya kwenda kwake inapita mbele ya lango la bibi huyo, na kila jioni akirudi kutoka mjini alikuwa akisimama kumsalimia. Mke wa Herman alipofariki, Mama Coleta ndiye aliyewapikia watoto hadi walipojua kupika. Kwa hiyo salamu zenyewe hazikuwa za kupungiana mkono.

"Nikienda Matai haizimi," anasema Herman, na sauti yake si ya mtu anayetania. "Kanisani haizimi. Sokoni haizimi. Nikisimama pale kwa yule mama, inatetemeka, inakata roho. Siku ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili, ya tatu... Sasa wewe mwandishi, ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Alichofikiria hakukitamka. Hakuwa na haja, maana wengine walikitamka kwa niaba yake. Pale bombani wanawake wakaanza kusogeza ndoo zao Mama Coleta akifika. Herman naye akaacha kabisa kumsalimia, akawa anapita na vioo vimefungwa. Siku moja bibi akapika kande, akawapelekea watoto wa Herman kama alivyozoea. Sufuria ikarudi imejaa, haijaguswa.

"Mama hakulia," anasema Coleta, ambaye huuza nguo mjini. "Aliketi tu na ile sufuria mapajani. Mimi ndiye niliyelia. Nikamwambia mume wangu, wewe si fundi? Basi tafuta. Usirudi nyumbani na maneno ya sijui."

Wazee wa mtaa walikuwa wamepanga kikao Jumapili, baada ya misa. Ajenda haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Mjane mwenye miaka zaidi ya sabini alikuwa anaelekea kuulizwa, mbele ya watu, anacholifanyia gari la jirani yake. Kwa wanaojua maneno kama hayo huishia wapi, hilo si jambo la kuchekea hata kidogo.

Ambakisye akalichukua gari. Akabadilisha plagi. Akasafisha koo la injini linakopita upepo, akakagua mipira yote, akabadilisha chujio la mafuta. Akaazima mashine ya kupimia kutoka kwa fundi mwenzake, akaichomeka, na mashine ikajibu kwamba haioni kosa lolote.

"Nikaiambia na wewe nyamaza," anasema.

Alhamisi akaliendesha mwenyewe hadi Pito. Mbele ya lango la mama mkwe kuna mteremko, na handibreki ya gari hilo ilikufa zamani, kama ya magari mengi ya huku, kazi yake inafanywa na jiwe. Fundi akasimama, akashuka haraka akaweka jiwe chini ya tairi, akaiacha injini inanguruma. Akachuchumaa langoni kumsalimia mkwe wake kwa adabu zote. Wakaulizana habari za nyumbani, za shamba, za Coleta, za kifua cha bibi kinachobana wakati wa baridi. Salamu ikaisha. Injini bado inanguruma.

Ambakisye akafurahi. Herman, aliyekuwa akichungulia kwenye uzio wake, hakufurahi.

"Litamzimikia vipi mkwe wake?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Hawezi kumfanyia mtoto wake!"

Kisha akaomba ufunguo, akaliendesha mwenyewe kupita pale pale langoni, vioo juu, bila salamu. Gari likapita salama. Akashuka na kufungua mikono.

"Mmeona? Tangu niache kumsalimia, gari halina shida."

Jamani, mtu ajibu nini hapo? Kila jaribio la fundi liligeuka kuwa ushahidi dhidi ya bibi. Gari lisipozima ni yeye, likizima ni yeye.

Ndiyo maana Ijumaa asubuhi tulimkuta Ambakisye juu ya tairi bovu, akiliomba gari lizime. Na hapo ndipo aliposema jambo ambalo mwandishi alidhani angeomba lisiandikwe. Hakuomba.

"Jana jioni Coleta alileta ugali na mboga kutoka kwa mama yake," alisema, akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba, nilikuwa na njaa kweli kweli. Mke wangu aliniangalia tu, akaondoa sahani. Yule mama alinipokea mimi mgeni, sina hata shuka. Nikajiona mtu wa ovyo. Lakini mkono ulikataa, ndugu yangu. Ulikataa."

Gari likaendelea kunguruma.

Jumamosi alikuja na wazo moja, na hata hilo hakuliamini sana. Kila kitu cha gari alikuwa amekigusa. Kitu pekee ambacho hakuwahi kukiona ni Herman mwenyewe akisalimia. Akamwomba arudie kila kitu kama zamani, pale pale, kwa bibi yule yule.

Herman aligoma. Akabembelezwa, akagoma tena. Mwishowe Ambakisye akamwambia, "Mzee, kesho unamweka mbele ya watu. Basi leo mpe salamu moja tu." Herman akatazama chini, akaingia kwenye gari.

"Nasalimia, lakini sishuki," akasema.

"Kwani zamani ulikuwa unashuka?"

"Nishuke vipi na gari haina handibreki, kwenye mteremko ule? Na mawe ya kutafuta jioni? Naweka gia huru, nakanyaga breki, nasalimia humo humo ndani."

Ambakisye anasema aliyasikia maneno hayo yakapita. Hayakumwambia kitu.

Gari likasimama langoni. Mama Coleta akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akaona ni nani, akasita. Halafu akasogea.

"Shikamoo, Mama Coleta."

"Marahaba, Herman. Habari za siku zote hizi?"

"Salama."

Lakini salamu ya Mfipa, mwenyeji wa huku, haiishii kwenye salama. Bibi akauliza watoto. Akauliza mahindi, kama wamemaliza kupukuchua. Akauliza goti la Herman, lile la kushoto. Aliuliza vyote vilivyokuwa vimerundikana tangu anyimwe salamu, na Herman akawa anajibu moja moja, macho kwenye usukani. Injini ikaanza kutetemeka. Ikapanda, ikashuka, ikakohoa. Ikazima.

Mama Coleta akaweka kiganja mdomoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Labda ni kweli," akasema taratibu, akimtazama mkwe wake. "Mwanangu, labda nina kitu na mimi mwenyewe sikijui."

Mwandishi ameandika habari nyingi, na hajawahi kusikia sentensi iliyomuumiza kama hiyo.

Ambakisye alikuwa ameingiza kichwa kupitia dirisha la abiria, mdomo wazi. Wakati injini inakata roho alikuwa amesikia kitu chini ya dashibodi, mlio mwembamba wa upepo. Fyuuu. Akaenda mwenyewe kuweka jiwe kwenye tairi, akarudi.

"Washa, mzee. Usiguse kitu."

Gari likawaka, likatulia.

"Sasa kanyaga breki. Ishikilie, usiachie."

Fyuuu. Injini ikatetemeka, ikazima. Wakarudia, ikazima. Ambakisye akamwomba mama mkwe aingie ndani na kufunga mlango. Wakarudia, ikazima. Wakaliondoa pale, wakalipeleka hadi uani kwa Herman, chini ya madirisha yake mwenyewe. Herman akakanyaga breki na kushikilia. Ikazima.

"Hapa kwangu?" akauliza Herman.

"Kwako, mzee!" Ambakisye alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Kwako, uani kwako!"

Ugonjwa ulikuwa kwenye busta ya breki, ile ngoma ya duara iliyo kati ya pedali na injini. Kazi yake ni kulainisha breki, na hutumia mvuto wa upepo wa injini. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Kila pedali ikikanyagwa, injini inameza upepo isiouhitaji. Gari likiwa kwenye mwendo hutagundua, na ukikanyaga kidogo kwenye kona linatikisika tu na kuendelea. Ukishikilia kwa muda mrefu wakati injini iko sailensa, linakufa.

"Mafundi tunapima tumesimama nje, boneti iko wazi," anasema Ambakisye. "Nani amekaa kwenye kiti amekanyaga breki? Hakuna. Hata mimi."

Alimuuliza Herman kama breki haikuwa ngumu siku hizi. Ilikuwa ngumu, akajibu mzee, lakini alidhani ni goti.

Herman alibaki kwenye kiti cha dereva muda mrefu. Sehemu nyingine zote alikuwa akizima gari mwenyewe na kushuka, au akipunga mkono na kupita. Mtu mmoja tu Pito nzima ndiye aliyekuwa akisimamishiwa gari na kusalimiwa hadi habari zikaisha.

"Kwa hiyo ilikuwa inazima kwa sababu namheshimu," akasema.

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu," fundi akamjibu.

Jumapili, baada ya misa, Herman alisimama mbele ya wazee na kueleza habari ya mpira uliochanika. Aliongea haraka, akitazama viatu vyake. Wazee wakashukuru Mungu, wakataka kufunga kikao. Mama Coleta akanyoosha mkono.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini mimi sikusemwa na wazee, nilisemwa na jirani yangu. Aje langoni kwangu. Na asinisalimie tena kutoka kwenye gari. Ashuke, asimame, aniangalie."

Busta imeshafika kwa basi kutoka Mbeya na imeshafungwa. Gari linanguruma hata ukikanyaga breki mpaka mguu ufe ganzi. Hata hivyo, tulipopita gerejini wiki hii tulilikuta bado lipo, na Ambakisye amelala chini yake, miguu tu inaonekana. Anatengeneza handibreki. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Lakini si Herman angeweza kuweka jiwe akashuka, au hata kwenda kwa miguu? Ni jirani!

"Nimemwambia," fundi anajibu kutoka chini ya gari. "Anasema anasubiri handibreki. Mzee ana aibu, anatafuta pa kujifichia. Kila siku anapiga simu, fundi, taratibu tu, usiharakishe."

Anatoka akijivuta kwa mgongo, koti la nje limejaa vumbi, na kunyoosha mkono kuomba spana namba kumi na mbili.

"Mimi naharakisha," anasema. "Nataka imalizike leo. Yule mama anashinda amekaa karibu na lango."