Maji ya Kulalia

Mume wangu alijua, na hakuniambia. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akinisukuma ubavuni usiku, nami nageuka, naendelea kulala, asubuhi naamka na kichwa kizito nikidhani ni uchovu wa darasani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo watoto wa kuwasingizia sikuwakosa. Kumbe yule mwanaume alikuwa akinirudisha duniani kila pumzi iliponikatika, kisha anaamka, anakunywa chai yake, ananiambia nimelala vizuri. Mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimkasirikie.

Kilichonifichua ni matanga yake mwenyewe. Huku kwetu Mpanda mfiwa haachwi alale peke yake. Wanaume wanakesha nje kwenye moto, wanawake tunatoa makochi sebuleni, tunatandika mikeka na kulala kwa safu, bega kwa bega, mfiwa katikati. Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alikuja kutoka Kapalamsenga, ziwani, akalala kando yangu. Nilikuwa sijapata usingizi wa maana tangu mgonjwa wetu alazwe, basi nilipoweka kichwa chini nilizama. Wanasema nilikoroma mpaka wanaume wa kwenye moto wakawa wanacheka chini chini. Kisha nikanyamaza. Mdogo wangu, aliyezoea kukoroma kwangu tu, akasubiri nivute pumzi. Akasubiri tena. Akanigusa shingo, akakuta jasho la baridi, akapiga yowe.

Msibani akilia mmoja, wote wanaitikia. Wanawake waliokuwa usingizini waliamka wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani. Wanaume wakaingia na tochi. Nilipofumbua macho nilikuta nimezungukwa, mama mmoja wa jumuiya yetu ya sala tayari anataja jinsi nilivyokuwa na roho nzuri, maneno ambayo nikiwa hai hajawahi kuniambia.

"Nani tena amekufa?" nikauliza.

Shemeji yangu mmoja alikimbia mpaka barabarani. Siku zile za huzuni kisa hicho kiliwapa watu kitu cha kuchekea, na mimi nilicheka nao. Mdogo wangu hakucheka hata kidogo.

Kabla ya hapo, kila alipoleta migebuka na dagaa kuuza sokoni, alikuwa analala kwangu. Si kwangu tu, bali kitandani kwangu, kama tulivyolala utotoni kwa mama. Mume wangu alikuwa akimwona tu anashusha gunia, anabeba shuka lake mwenyewe kwenda kwenye kochi. Tulikuwa tunaongea Kibende mpaka mmoja wetu akose jibu, na aliyekosa jibu ndiye aliyelala kwanza. Nilikuwa nakaa na harufu ya samaki kwenye foronya siku nzima baada ya yeye kuondoka, nanung'unika, na sikuwa naharakisha kuifua.

Baada ya matanga akahamia kwa binti ya mama yetu mdogo, upande wa pili wa mji. Alikuwa anakuja kunisalimia, ananiwekea samaki jikoni, anakunywa chai, lakini jua likianza kuinama anatafuta mkoba wake. Hakunieleza, nami sikumwuliza. Nilijua anaogopa nisije nikamfia mikononi. Nilielewa, na bado iliniuma sana.

Watoto wangu wanaamini nilikwenda hospitali kwa ajili ya presha. Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu. Nilitaka nitibiwe kukoroma na kukatika pumzi ili arudi kulala kwangu, basi. Daktari wa hospitali kubwa, kule nilikosafiri siku nzima kufika, akaniuliza ninakoroma kiasi gani. Nikamwambia mimi huwa nimelala, sijisikii. Akaniuliza, "Mama, nani analala na wewe atuambie?"

"Hakuna," nikamwambia.

Nimejibu maswali mengi ya madaktari, ya choo na ya uzazi, bila aibu. Hilo lilinifanya nitazame sakafu. Ugonjwa wenyewe mwenye nao haujui, unaonwa na wa pembeni, na mimi wa pembeni sikuwa naye. Wakanilaza hapo hapo na nyaya kichwani na kifuani, asubuhi wakaniambia pumzi yangu inakatika mara nyingi kuliko walivyotarajia. Mwanangu wa Dar es Salaam akatafuta mashine, akaituma na basi.

Ni kiboksi kidogo tu, chenye bomba refu na barakoa ya puani. Kinasukuma hewa usiku kucha ili koo lisijifunge. Ubavuni kina tanki la maji lenye kisahani cha chuma chini yake, kinachopasha yale maji ili hewa isije kavu. Mwanangu alinisisitizia kwenye simu kwamba hilo tanki si la lazima, akanishauri nisijichoshe. Yeye anaishi kwenye joto la pwani, hewa yake ina maji tayari. Mimi nilianza mwezi wa saba, upepo wa kiangazi unavuma mtaani kwetu Misunkumilo, vumbi limejaa mpaka kwenye chumvi, watu wanachoma mashamba. Nililala na hewa kavu ile na kuamka na damu kwenye mto, ulimi umegandamana na kaakaa. Mashine ilikuwa inanipa pumzi kwa kunichuna pua.

Nikajaza tanki. Nikawasha kile kisahani. Usiku ule hewa ilikuja vuguvugu na laini, kama ya jikoni mvua ikinyesha nje, na nikalala mpaka majogoo wa jirani wakamaliza kelele zao. Niliamka kichwa chepesi. Nilikaa kitandani nikageuka kumwambia mtu, nikakumbuka kwamba hakuna mtu.

Mashine nayo ina tabia zake. Chumba kikipoa sana ule mvuke unageuka maji ndani ya bomba, yanagugumia na kukurukia puani. Nikashonea bomba gauni la kitenge, kitenge changu cha zamani cha harusi ya mpwa wangu, na kiboksi nikakishusha kwenye kigoda kiwe chini ya kichwa changu, maji yarudi yalikotoka. Nilijisifu kwa sauti. Anayeishi peke yake lazima ajisifu, la sivyo atasubiri sana.

Tatizo likawa maji yenyewe. Maji ya kisima chetu yana chokaa, angalia birika lolote la mtaani kwetu uone lilivyo jeupe ndani. Kuyachemsha ndiyo kwanza yanakolea. Baada ya muda kile kisahani kikavaa ukoko, maji yakawa hayapati moto, pua ikaanza tena kutoa damu. Daktari alikuwa amesema nitumie maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa, yasiyo na kitu ndani. Kwenye maduka ya dawa leo yapo, mwezi mzima hayapo. Gereji wana ya kuongezea kwenye betri, ila fundi mwenyewe akanikataza: "Mama, dumu hili sijui lilibeba nini kabla. Usije ukavuta."

Kwa hiyo nikatengeneza ya kwangu. Sufuria kubwa kwenye jiko la mkaa, ndani yake kipande cha tofali safi, juu ya tofali bakuli, mfuniko umegeuzwa juu chini na kujazwa maji baridi. Maji ya sufuria yanachemka, mvuke unagonga mfuniko, unadondoka kwenye bakuli. Nilikuwa nafanyia nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa mabati, kwa sababu sikutaka kuanza kumweleza kila mpita njia habari za koo langu. Maji safi nilikuwa nayahifadhi kwenye chupa, nazipanga chini ya meza.

Yeyote aliyekulia mkoa huu akiona sufuria ya namna hiyo, mfuniko juu chini, nyuma ya mabati, na chupa zinaingia ndani zimejaa, hana haja ya kuuliza. Ndivyo pombe haramu ya gongo inavyopikwa. Mimi niliyekuwa nawachapa watoto kwa kutumwa gongo na baba zao sikuliwaza hilo hata mara moja. Niliona tu kwamba wanawake wa jumuiya wamepunguza kuja, na kwamba zamu ya kusali kwangu imerukwa. Wanaume wawili nisiowafahamu walibisha hodi jioni moja, wakasimama, wakaniangalia kwa heshima kubwa, wakauliza kama "mzigo" upo. Nikawaambia nimestaafu, sisahihishi tena madaftari. Wakaondoka wamechanganyikiwa, na mimi pia.

Habari ikafika Kapalamsenga kabla haijanifikia mimi. Mdogo wangu alishuka kwenye basi mchana, hana samaki, hana gunia, ana hasira tu. Hakubisha hodi. Alipitia nyuma moja kwa moja na kunikuta nimechutama kwenye jiko.

"Dada! Umekosa nini wewe? Mwalimu mzima! Si ungeniambia huna hela ya kula?"

"Karibu," nikamwambia.

"Sikaribii! Kule ziwani wananicheka. Wanasema pensheni ya dada yako anaipikia gongo."

"Onja."

"Nionje nini mimi? Nimeokoka!"

Nikachota kwenye bakuli kwa kikombe, nikanywa, nikampa. Alinusa. Akanusa tena, akachovya kidole, akaramba, na uso wake ukaanza kutafuta pa kwenda.

"Mbona ni maji?"

"Ni maji."

"Sasa nani anapika maji hivi?"

Ndipo nikamwingiza chumbani, nikamwonyesha mashine, bomba na gauni lake la kitenge, tanki, kisahani. Nikamweleza yote aliyoniambia daktari. Jambo moja sikumweleza, kwamba yote hayo niliyafanya kwa ajili yake. Mimi ni mkubwa, na mkubwa kwetu habembelezi. Alicheka kuhusu gongo mpaka akakaa chini sakafuni, akapiga simu ziwani kuwatukana waliomcheka. Jua likainama, na macho yangu yote yakawa kwenye mkoba wake. Hakuugusa. Akaniuliza kama bado nina lile blanketi zito.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilijaza tanki mpaka kwenye mstari, nikavaa barakoa, nikamwambia asinicheke, akanicheka. Tuliongea kidogo, mimi kwa sauti ya puani. Mimi ndiye niliyekosa jibu.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, mkoba mapajani. Macho mekundu.

"Nilikoroma?" nikauliza.

"Hapana. Hata kidogo."

"Pumzi ilikatika?"

"Sijui, dada. Ndiyo shida. Hukukoroma, hukujigeuza, hukusema kitu. Kile kidude kinavuma sawa sawa tu, hata ukifa kitavuma hivyo hivyo. Zamani nikikusikia najua upo. Jana nilikaa naangalia blanketi kama linapanda. Taa nilipoizima nikakuwekea mkono hapa." Akajigusa kifuani. "Nimeuweka mpaka saa hizi."

Nikamwambia atazoea. Nikamwambia tanki limepungua maji, aangalie mwenyewe, maana yake nimepumua usiku kucha. Aliangalia kwa adabu, kama mgeni anavyoangalia picha za watu asiowajua. Akasema mashine ni nzuri na Mungu ambariki mtoto aliyeileta. Kisha akasema angewahi basi la asubuhi.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Nilitaka kumwambia, basi, nitaiacha, nitalala bila mashine siku unazokuja, nikorome, unisikie. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Angekuwa mjinga kukubali na mimi mjinga kusema, kwa hiyo nikamnunulia mkate wa njiani, nikampungia mkono.

Akija na samaki siku hizi analala kwa binti ya mama mdogo. Jumuiya wamerudi kusali kwangu, wananiuliza habari za mashine, wananywa chai, wanakwenda kwao. Mimi nalala vizuri kuliko mwanamke yeyote Misunkumilo. Kila asubuhi, kabla hajaenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia, kununua samaki, mdogo wangu ananipigia.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Haya." Anakata.

Naingoja simu hiyo. Huwa nimeshaamka zamani, barakoa nimeshaivua na kuifuta, simu iko mkononi. Na kuna asubuhi, si nyingi, ambazo inaita na siipokei. Naiacha iite mpaka iishe. Anapiga tena papo hapo. Hiyo ya pili naipokea, na hapo haulizi tena kama nipo, anaita tu, "Dada! Dada!" kwa sauti ile ile aliyopigia yowe kwenye matanga ya mume wangu, nami nakaa kimya kidogo, namsikiliza, kabla sijaitika.