Muosha Maiti Aliyebaki Mlangoni

Saa tatu asubuhi, mwanamke kijana mwenye afya tele amelala chali juu ya meza ya mbao, uani kwa Bi Habiba Othman, mtaa wa Mumbuni mjini Machakos. Amefunikwa leso, na amebana midomo asicheke.

"Maiti hacheki," Bi Habiba anamgombeza. "Na wewe Bilan, mbona unamshika kama sufuria ya moto? Mshike kama mtoto."

Wanafunzi wake watatu wanajifunza kuosha maiti, zamu kwa zamu. Kwanza glavu. Kisha maji yenye majani ya mkunazi, upande wa kulia kabla ya kushoto, mara tatu, na maji ya mwisho huwa na kafuri.

Bi Habiba, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, huuza mahamri kila asubuhi na hupata kama shilingi mia mbili kwa siku. Kuosha maiti hamtozi mtu hata ndururu. Kwa miaka kumi na tisa ameosha wanawake wapatao mia moja na themanini.

"Mmoja sikumuosha," anasema, bila kuulizwa. "Huyo ndiye ninayemkumbuka kuliko wote."

Alikuwa Layla, binti wa jirani yake Murayo, mjane wa mfanyabiashara wa mifugo. Layla alifariki mwaka wa 1994 akiwa na miaka ishirini na sita, amekonda mno. Siku hizo neno ukimwi halikutajwa nyumbani mwa watu. Ulikuwa "huo ugonjwa wa siku hizi". Lakini ulimi hauna mfupa. Wengine walisema tone la maji ya maiti likikurukia, umekwisha. Wengine hata jeneza la msikiti waliliogopa.

Bi Habiba ndiye aliyekuwa akimsuka Layla nywele kila Idi. Asubuhi hiyo alifika mlangoni, akauona mkono wa marehemu juu ya mkeka, akabaki hapo hapo.

Dini huruhusu, maji yakikosekana au yakiwa na madhara, maiti atayamamishwe: apakwe mchanga safi usoni na mikononi, basi. Bi Habiba aliikimbilia ruhusa hiyo. Alichota mchanga kwenye sahani, akampa Murayo, akamwambia mwili wa mwanawe hauwezi kustahimili maji.

"Nilijua ni uongo," anasema. "Layla hakuwa na hata kidonda. Niliogopa, nikajificha nyuma ya dini. Naona haya mpaka leo."

Murayo aliiweka sahani chini, akamuosha binti yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliyemmiminia maji ni Kamanthe, jirani Mkristo anayeuza mboga.

"Mimi hata sijui dini yao," Kamanthe anasema. "Lakini niliona huyo mama ako peke yake, nikashika jagi. Ai, sasa ningetoka namna gani?"

Miaka sita baadaye, muuguzi aitwaye Mumbua alialikwa kwenye chama cha akina mama. Alieleza kwamba virusi havipenyi ngozi isiyo na jeraha. Muosha avae glavu, atumie jiki na sabuni, anawe vizuri. Bi Habiba aliuliza bei ya glavu. Akaambiwa jozi moja ni shilingi ishirini.

"Nilitoka nje nikalia," anasema. "Shilingi ishirini! Mahamri manne!"

Tangu siku hiyo hajamkataa maiti yeyote. Lakini Murayo alipofiwa na dada yake mwaka jana, 2002, aliita waosha kutoka Athi River. Walipita mbele ya lango la Bi Habiba, naye yuko uani anasikia sauti zao.

Mwezi uliopita alijikaza, akaenda kwa Murayo. Alikaribishwa vizuri, akapewa chai.

"Mama Layla, niwie radhi," alimwambia.

"Habiba, la kwangu nimesamehe," Murayo akajibu. "La Layla si langu, siwezi kukupa."

"Hakunionea," Bi Habiba anasema. "Sasa la Layla nimuombe nani?"

Uani, "maiti" anaruhusiwa kuinuka, naye anacheka kicheko chote alichokuwa amekizuia. Bi Habiba anapanga mwanafunzi mmoja ahudumie eneo la Kyumbi na mwingine Katelembo, ili asiwepo mama wa kuosha mwanawe peke yake tena. Na kwa kuwa mwosha huoshwa, ameshawaambia kwamba siku yake ikifika, wa kwanza kuitwa awe Murayo.

"Na akikataa?" Bilan anauliza, akivua glavu.

Bi Habiba anaikunja leso taratibu.

"Akikataa, msimlaumu," anasema. "Lakini nyinyi muingie. Msisimame mlangoni."